Herbert Baker, mchora plani wa ikulu na wa makaburi ya vita

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wenye wanaenda Dar es Salaam kununua mali wanajua Kariakoo kama mfuko wao. Wachache wanajua kama jina hilo limetoka kwenye vita. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa pale. Watu walilitamka jina kwa mdomo wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor, kisa ni kimoja. Waingereza waliandikisha wabeba mizigo karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki, na wenye walikufa wanahesabiwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Soko lilibaki na jina la kikosi chao. Wao wenyewe hawakupata kaburi lenye jina.

Kule Ulaya, katika miaka ile ile, kila askari wa Uingereza aliyekufa alitafutiwa jiwe lake, jina lake na mahali pake pa kulala. Kazi hiyo ilipewa maarkitekte wakubwa watatu, ni kusema watu wa kuchora plani za majengo. Mmoja wao aliitwa Herbert Baker. Ndiye huyo huyo aliyechora Ikulu ya Nairobi, jengo la serkali la Pretoria na bunge la Uhindi. Hakuna Mzungu mwingine wa wakati wake ambaye aliacha mawe mengi hivyo katika Afrika ya Kusini na ya Mashariki, na nyumba zake nyingi zinatumika mpaka leo.

Baker alizaliwa tarehe 9 mwezi wa sita 1862, kwenye nyumba ya familia iitwayo Owletts, katika kijiji cha Cobham, jimbo la Kent, kusini mwa Uingereza. Ni eneo la mashamba na matunda. Alijifunza kazi kwa ndugu wa ukoo, Arthur Baker, halafu akaingia biro kubwa ya London ya Ernest George. Pale alikutana na kijana mdogo kwake kwa miaka saba, Edwin Lutyens. Urafiki wao ulikuja kuwa na faida, na baadaye ukaleta maneno.

Mwaka wa 1892 alipanda meli mpaka Cape Town. Hakwenda kutafuta sifa. Ndugu yake Lionel alitaka kulima matunda kule, na yeye alienda kumsaidia kuanza. Alikuwa na miaka 30 na kazi ilikuwa bado haijamkubali. Muda si mrefu akafahamiana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na waziri mkuu wa Cape wakati ule. Wakongomani wana sababu yao ya kumkumbuka Rhodes: ndiye aliyetamani pia Katanga, akatuma watu kwa mwami Msiri mwaka wa 1890 kutafuta sahihi, na Msiri akawakatalia. Mwaka uliofuata watu wa mfalme Leopold walifika Bunkeya na Msiri akauawa.

Rhodes alimpa Baker nyumba yake ya Groote Schuur aitengeneze upya. Ilipoungua mwaka wa 1896, Baker akaijenga tena. Mwaka wa 1900 Rhodes akamlipia safari ya Italia, Ugiriki na Misri ili aone mahekalu na makaburi ya kale, kwa sababu alitaka mtu wa kumjengea ufalme kwa mawe. Hapo ndipo Baker alipata alama yake: nguzo ndefu, ukumbi wa nusu duara, majengo yanayokaa juu ya kilima na kuangalia watu wa chini. Rhodes alikufa mwaka wa 1902, na miaka kumi baadaye ukumbusho wake, uliochorwa na Baker, ulifunguliwa chini ya mlima wa Cape Town. Ngazi zake, simba wa shaba na nguzo ziko pale mpaka leo. Kichwa cha sanamu ya Rhodes ndani yake watu walikikata usiku mmoja wa mwezi wa saba 2020.

Kazi yenye ilimtoa Baker ni ile ya Pretoria, Union Buildings, iliyojengwa kati ya 1910 na 1913. Ni jengo la urefu wa karibu mita 285, juu ya kilima cha Meintjieskop. Katikati kuna nusu duara ya nguzo, na pande zote mbili kuna mnara. Minara ni miwili kwa sababu. Vita kati ya Waingereza na Makaburu ilikuwa imeisha mwaka wa 1902, na serkali mpya ilitaka kuonyesha kwamba mataifa hayo mawili yamekuwa ndugu. Baker alifanya hesabu ya watu wa inchi, akapata wawili. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote na waliobeba mawe yale, hawakuwa na mnara. Mwaka wa 1913, jengo linapokwisha, sheria ya ardhi iliyowafungia Waafrika kwenye sehemu ndogo ya udongo wao ilikuwa imepitishwa.

Baker hakuandika sheria ile. Lakini mchora plani anaposema kwa mawe kwamba inchi ina wana wawili, mawe yanaendelea kusema hivyo hata yeye akifa.

Kutoka hapo aliitwa Uhindi. Waingereza walikuwa wanahamisha mji mkuu kutoka Calcutta kwenda Delhi, na Lutyens, rafiki wa ujana, alimtaka wafanye kazi pamoja. Lutyens alipewa nyumba ya mtawala, Baker akapewa majengo mawili ya biro za serkali na bunge la duara lenye nguzo 144 kuzunguka. Urafiki ulivunjika juu ya mteremko wa barabara. Baker alitaka majengo yake nayo yakae juu ya kilima, na barabara ikapandishwa kwa namna ambayo mtu akikaribia, nyumba ya Lutyens inapotea machoni, unaona paa tu. Lutyens alipigana miaka mingi ili udongo uchimbwe upya. Hakushinda. Kwa muda mrefu watu hao wawili hawakusemezana vizuri, na ni katikati ya ugomvi huo ndipo walipewa kazi ya wafu.

Mwezi wa tano 1917, mfalme wa Uingereza alisahihisha barua ya kuunda tume ya makaburi ya vita. Kiongozi wake, Fabian Ware, alikuwa amefika Ufaransa na magari ya Msalaba Mwekundu, akaona maiti zinazikwa ovyo na majina yanapotea. Sheria za tume zilikuwa ngumu kwa wakati ule. Hakuna mwili unaorudishwa nyumbani, hata familia iwe na pesa. Hakuna kaburi kubwa kwa afisa na dogo kwa askari wa kawaida. Kila mmoja jiwe moja, urefu wa sentimita 81 na upana wa 38, na juu yake jina, kikosi, tarehe na alama ya dini yake. Jenerali na mpishi wa kambi walipata jiwe la kipimo kimoja. Wenye pesa walilalamika sana, mpaka bungeni London mwaka wa 1920, na tume ikakaza kamba.

Mwaka wa 1918 Baker, Lutyens na Reginald Blomfield ndio waliwekwa kuwa maarkitekte wakuu kwa upande wa Ufaransa na Ubelgiji. Lutyens alitaka jiwe kubwa lisilo na alama ya dini yoyote. Baker alitaka msalaba, ukuta wa chini na bustani, kama uwanja wa kanisa la kijijini kwao Kent. Mwishoni walichukua vyote, jiwe la Lutyens na msalaba uliochorwa na Blomfield. Lakini mtu akitembea kwenye makaburi ya Baker anaona mawazo yake: vijumba vidogo vya kukaa, maua chini ya kila jiwe, ukuta unaokumbatia.

Kubwa kuliko yote ni Tyne Cot, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Pale kuna karibu makaburi 12,000, na zaidi ya 8,000 ni ya watu wasiojulikana majina. Nyuma yake Baker alijenga ukuta wa nusu duara wenye majina karibu 35,000 ya watu ambao miili yao haikuonekana. Katikati ya kiwanja kulikuwa na ngome za sima za Wajerumani, zile zilizowaua wengi wa waliolala hapo. Mfalme George wa 5, alipopita mwaka wa 1922, alitoa wazo kubwa kati ya hizo isibomolewe, na Baker akaweka msalaba juu yake. Kiwanja kilifunguliwa mwaka wa 1927.

Huko Loos, Ufaransa, alichora ukuta mwingine wenye majina zaidi ya 20,000, uliofunguliwa mwaka wa 1930. Moja ya majina yale lilikuwa John Kipling, kijana wa miaka 18 aliyepotea vitani mwaka wa 1915. Baba yake, mwandishi Rudyard Kipling, ndiye tume ilimpa kazi ya kutafuta maneno ya kuandika kwenye makaburi. Alizunguka Ufaransa miaka mingi akimtafuta mtoto wake, akafa mwaka wa 1936 bila kumwona. Ukuta wa Baker ndio kaburi pekee alilokuwa nalo la kutazama.

Na huko Neuve-Chapelle, pia Ufaransa, Baker alichora ukumbusho wa Wahindi: ukuta wa duara wenye matundu, nguzo yenye ua la yungiyungi na simbamarara wawili, kwa kufuata jengo la kale la Sanchi huko Uhindi. Majina ni zaidi ya 4,700. Ukiangalia Ulaya tu, basi, unaweza kusema sheria ya jiwe moja kwa kila mtu ilimgusa hata mtu asiyekuwa Mzungu.

Afrika ilikuwa mambo mengine. Hapa kwetu vita ilianza mwaka wa 1914 kwenye ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Mwaka wa 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, likatoka kaskazini ya ziwa Kivu na kwenye bonde la Ruzizi, likaingia Rwanda na Burundi, na tarehe 19 mwezi wa tisa likachukua Tabora. Hakukuwa na gari wala reli kwenye milima hii. Risasi, unga, mizinga, hata mahema ya maafisa, vyote vilipanda mabegani na vichwani. Kwa muda wote wa vita Kongo ilitoa wabeba mizigo karibu 260,000. Jenerali wa Kibelgiji, Charles Tombeur, alipewa heshima ya kuongezewa jina la Tabora kwenye jina lake. Kwa wenye walibeba mizigo, hakuna aliyezunguka na daftari kuuliza alikufa wapi na ni mtoto wa nani. Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyepigania Ubelgiji mwaka wa 1914 na kufungwa na Wajerumani, aliunda chama mjini Brussels mwaka wa 1919 ili kutetea Wakongomani waliopigana vita hiyo. Alikuwa peke yake au karibu na hapo.

Upande wa Waingereza, tume ile ile ya mawe sawa iliamua kwamba kwa maaskari weusi na wabeba mizigo wa Afrika ya Mashariki sanamu za pamoja zinatosha. Ndizo zile za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, maaskari wa shaba katikati ya mji. Maneno yaliyoandikwa chini yao ni ya Kipling, yule baba aliyekuwa anatafuta jina la mwanawe. Majina ya watu hayako. Karne moja baadaye, mwezi wa nne 2021, tume ilitoa ripoti na kuomba msamaha. Ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine, na kwamba wengine si chini ya 116,000, labda mpaka 350,000, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Baker hakuwa ndiye mkubwa wa maamuzi hayo. Kazi yake ilikuwa Ulaya. Lakini mwaka wa 1925, akiwa katikati ya kuchora Tyne Cot, gavana wa Kenya, Edward Grigg, alimwita Nairobi. Alikuja, akatazama jua na mvua, akachora nyumba ya gavana yenye matao na baraza pana za kukinga joto. Leo ni Ikulu. Alichora nyumba nyingine ya gavana huko Mombasa, shule ya watoto wa kiume wa Kizungu ambayo leo ni Nairobi School, na majengo ya mahakama katikati ya mji, ambapo leo wanakaa majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya. Kazi ya kila siku alimwachia msaidizi wake, Jan Hoogterp. Ni majengo mazuri, hilo halibishaniwi. Yanapoa bila mashine, na yamezeeka vizuri kuliko mengi ya baadaye. Kariokor haiko mbali na mahakama. Serkali moja, mji mmoja, miaka ile ile: pesa ya mawe ya mahakama ilipatikana, na pesa ya kuandika majina ya wafu haikupatikana.

Huko Ufaransa, Baker alikuwa amechora pia ukumbusho wa Afrika ya Kusini kwenye msitu wa Delville, uliofunguliwa tarehe 10 mwezi wa kumi 1926. Mwezi wa saba 1916 maaskari weupe wa Afrika ya Kusini zaidi ya 3,000 waliingia msitu ule, na baada ya siku sita walitoka mia chache. Baker aliweka pale tao kubwa, na juu yake sanamu ya vijana wawili wanaoshikana mikono juu ya farasi mmoja. Tena wawili, Mwingereza na Kaburu, kama minara ya Pretoria. Waafrika weusi karibu 21,000 walikuwa wameletwa Ufaransa kupakua meli, kukata miti na kutengeneza barabara, bila ruhusa ya kushika bunduki. Wenzao zaidi ya 600 walizama na meli Mendi mwezi wa pili 1917 kabla ya kufika. Kwenye farasi wa Baker hawakuwa na nafasi.

Miaka yake ya mwisho Baker alikuwa mtu mkubwa London, mwenye cheo cha kuitwa Sir toka 1926. Alijenga upya Benki ya Uingereza, kazi ambayo wengi walimlaumu kwa kuvunja majengo ya kale ya ndani. Alijenga pia nyumba ya ubalozi wa Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1944 alitoa kitabu cha maisha yake. Alikufa Owletts, nyumba aliyozaliwa, tarehe 4 mwezi wa pili 1946, na majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali pa wafalme. Jina lake limeandikwa.

Majengo yake yaliendelea na maisha yao bila kumwuliza. Tarehe 9 mwezi wa nane 1956, wanawake karibu 20,000 walipanda ngazi za Union Buildings kupinga vitambulisho vya kutembelea. Tarehe 10 mwezi wa tano 1994, Nelson Mandela aliapa pale pale, katikati ya minara miwili, kuwa rais. Alipokufa mwaka wa 2013, mwili wake uliwekwa pale siku tatu watu wampitie. Kule Delhi, serkali ya Uhindi imetangaza kwamba biro zile mbili za Baker zitakuwa makumbusho ya taifa.

Makumbusho mengine yako tayari, nyuma ya tao la Delville. Yalijengwa na serkali ya ubaguzi wa rangi, yakafunguliwa mwaka wa 1986, kwa umbo la ngome ya kale ya Cape Town. Kwa miaka ya kwanza simulizi kubwa ilibaki ile ya weupe. Mwezi wa saba 2014, mifupa ya Beleza Myengwa, mfanyakazi mweusi wa kwanza wa kikosi kile kufa Ufaransa mwaka wa 1916, ilitolewa kwenye kaburi lake la zamani na kuzikwa upya pale Delville, mbele ya makamu wa rais Cyril Ramaphosa. Miaka miwili baadaye ukafunguliwa ukuta wa majina, weusi na weupe pamoja, bila kutenganisha cheo wala rangi. Ni sheria ile ya 1918, imechelewa karibu miaka mia moja.

Kwa wakaaji wa Kanyabayonga na vijiji vya jirani, wenye vita ya mwezi wa sita 2024 iliwatoa majumbani na kuwaacha wengine wazikwe haraka na watu wasio wa familia, mambo haya si ya vitabu. Mzee anayejua mtoto wake amelazwa wapi na mzee asiyejua hawalali usingizi mmoja.

Cape Town nako, mji ambao Baker alishukia kutoka melini mwaka wa 1892, tume ya makaburi ilifungua ukumbusho mpya tarehe 22 mwezi wa kwanza 2025, katika bustani ya zamani ya Company's Garden. Hauna tao wala nguzo za mawe. Ni miti 1,772 ya mbao ngumu ya Afrika, imesimikwa ardhini kama watu waliosimama, na kila mmoja una jina la mfanyakazi mweusi wa Afrika ya Kusini aliyekufa katika vita ile na ambaye hakuwa na kaburi linalojulikana. Wengi wao walikufa hapa Afrika ya Mashariki.